Tuscumbia: Mji wa Chemchemi na Neno Moja

Ukiifungua ramani ya Marekani na kuutafuta mji wa Tuscumbia, itakubidi uinamie karatasi na kufuata kwa kidole. Anza na jimbo la Alabama, kusini mwa nchi hiyo. Panda mpaka pembe yake ya kaskazini-magharibi, mahali linapopakana na Mississippi na Tennessee. Hapo utauona mto Tennessee ukipita, na kusini ya mto, si mbali na ukingo, kuna kidoti. Hicho ndicho Tuscumbia. Wakazi wake ni kama 9,000 tu.

Hata hivyo, akina mama wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kusikia jambo lililotokea katika mji huu, hata kama jina lake hawakulijua. Ndiko alikozaliwa Helen Keller, mtoto aliyepoteza kuona na kusikia kabla hajatimiza miaka miwili, kisha akasoma mpaka chuo kikuu, akaandika vitabu na kuzunguka dunia. Habari zake zimefundishwa katika shule nyingi. Lakini mji wenyewe husahaulika, na watu wake pia.

Basi mwezi huu twendeni Tuscumbia. Tutaona maji yake, mahakama yake, chakula chake na nyumba yake maarufu. Na tutakapokuwa huko tujiulize swali moja: mtoto ambaye wengi wangemfungia ndani alipataje njia ya kutoka, na nani alimfungulia mlango?

MAKAO MAKUU YA KAUNTI

Jimbo la Alabama limegawanywa katika kaunti 67. Tuscumbia ni makao makuu ya Kaunti ya Colbert. Wasomaji wetu wa Kenya, ambao wamekuwa na serikali za kaunti tangu mwaka 2013, wasifikiri kwamba huko kuna gavana na wizara zake. Kaunti nzima ya Colbert ina watu kama 57,000, na inakaribiana zaidi na wilaya ndogo ya Tanzania.

Moyo wa mji kama huu ni jengo la mahakama. Lakini watu hawaendi pale kwa kesi tu. Ukinunua shamba, hati yake huandikishwa pale. Baba akifariki, wosia wake hupelekwa pale. Vijana wakioana, cheti cha ndoa hutunzwa pale. Hata namba ya gari hulipiwa pale. Anayeshughulikia mambo haya ni jaji wa mirathi, na wananchi humchagua kwa kura, kama wanavyomchagua sherifu anayesimamia usalama wa kaunti. Kwa hiyo jaji na sherifu ni watu unaoweza kukutana nao dukani, na ambao baada ya miaka michache watakuja tena kukuomba kura.

Mtu anayetoka mji wa Huntsville husafiri kama saa moja na nusu kwa gari kuelekea magharibi, akipita mashamba ya pamba, mahindi na soya. Haoni maghorofa marefu. Anaona maduka ya matofali yaliyojengwa zamani, nyumba zenye baraza pana mbele, na miti mikubwa ya magnolia yenye maua meupe. Tuscumbia haikai peke yake. Imeshikana na miji ya Sheffield na Muscle Shoals, na ng'ambo ya mto kuna Florence. Watu wa eneo hilo hulala mji mmoja, hufanya kazi mji wa pili na kununua mahitaji mji wa tatu.

Watoto wa huku hufundishwa kumjibu mtu mzima kwa heshima. Hawamwambii mama "ndiyo" tupu. Huongeza neno la heshima nyuma yake, kama sisi tunavyosema "ndiyo, mama". Mgeni husalimiwa barabarani hata kama hajulikani. Jumapili asubuhi magari hujaa mbele ya makanisa, na baada ya ibada ni wakati wa kula.

CHAKULA TUNACHOKIJUA

Mwanamke wa Afrika Mashariki akikaribishwa mezani Tuscumbia hatajiona mgeni sana. Ataletewa mboga za majani mapana zilizopikwa muda mrefu. Akionja atagundua kuwa ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki yake. Ataletewa bamia zilizokaangwa kwa unga wa mahindi, samaki aina ya kambare kutoka mtoni au bwawani, na mkate wa mahindi. Asubuhi atapewa uji mzito wa mahindi yaliyosagwa kwa chenga, unaoliwa na siagi. Kinywaji ni chai baridi yenye barafu na sukari nyingi.

Ufanano huu una historia nzito. Bamia asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari wakati wa biashara ya utumwa, na mikono iliyoipika kwanza katika majiko ya kusini mwa Marekani ilikuwa ya wanawake waliouzwa kama mali. Bonde hili la mto Tennessee lilikuwa nchi ya pamba, na pamba ililimwa na watumwa. Nyumba kubwa za kifahari unazoziona bado katika kaunti hii zilijengwa kwa jasho lao. Anayeusifu uzuri wa mji huu bila kulitaja jambo hilo hajausema ukweli wote.

MAJI YALIYOUZAA MJI

Tuscumbia ilizaliwa na chemchemi. Maji baridi hububujika kutoka chini ya mawe katikati ya mji, na leo mahali hapo ni bustani ya watu wote. Kuna bwawa, mabata, njia za kutembea, maporomoko ya maji yaliyotengenezwa na watu kwa mawe ya asili, na treni ndogo ya watoto. Jioni za kiangazi wazazi hukaa hapo huku watoto wakikimbia.

Kabla ya Wazungu, nchi hii ilikuwa ya Wachickasaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Jina la mji ni la chifu wao mmoja, na jina la kaunti ni la ndugu wawili, George na Levi Colbert, viongozi wa Wachickasaw. George aliendesha kivuko maarufu cha mto Tennessee. Walowezi walianza kujenga karibu na chemchemi baada ya mwaka 1815. Mji ulipoandikishwa mwaka 1820 uliitwa kwa jina la kienyeji lenye maana ya "maji baridi", na miaka miwili baadaye ukapewa jina la Tuscumbia.

Mto nao ulileta jambo lake. Mbele ya Tuscumbia, mto Tennessee ulikuwa na maji machache yanayokwenda kasi juu ya mawe kwa zaidi ya kilometa 50, na meli hazikuweza kupita. Wafanyabiashara wakaamua kuyazunguka kwa reli. Mwaka 1832 walikamilisha kipande kifupi kutoka mjini hadi mtoni, na mwaka 1834 reli ikafika Decatur, kama kilometa 70 upande wa mashariki. Hiyo ndiyo reli ya kwanza kujengwa magharibi ya milima ya Appalachia. Mara nyingi mabehewa yalivutwa na farasi au nyumbu, kwa sababu injini za mvuke zilikuwa chache na ziliharibika upesi.

Lakini reli hiyo haikubeba pamba peke yake. Katika miaka ya 1830 serikali ya Marekani iliwaondoa wenyeji wa kwanza katika nchi zao za kusini-mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Mwaka 1838 vikundi vya Wacherokee, wazee, wanawake na watoto, waliletwa kwa mashua mpaka Decatur, wakapandishwa treni hadi Tuscumbia, kisha wakatiwa tena katika mashua kuelekea magharibi. Safari zile, ambazo maelfu walikufa njiani, huitwa Njia ya Machozi. Wachickasaw, ambao mji umebeba jina la chifu wao, nao waliondolewa wakati huo.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Tuscumbia hulikumbuka kwa shukrani. Kundi la Wacreek lilipopita hapa mwaka 1827, likiwa limechoka na halina nguo za kutosha, wenyeji waliwapa chakula na mavazi. Ukumbusho wa tendo hilo uko katika bustani ya chemchemi. Nguo chache na chakula havikuweza kufuta dhuluma ya kumtoa mtu katika nchi yake. Lakini aliyepewa blanketi usiku wa baridi hakulisahau.

Karne iliyofuata mto ulifungwa. Bwawa la Wilson lilianza kujengwa mwaka 1918 na kukamilika mwaka 1924, likayazamisha yale mawe ya maji ya kasi. Mwaka 1933 serikali iliunda Mamlaka ya Bonde la Tennessee ili kutumia nguvu za mto kuzalisha umeme na kuzuia mafuriko, na ndipo nyumba nyingi za mashambani katika bonde hili zikaanza kupata taa. Maji yaliyokuwa kikwazo sasa yakapika chakula.

NYUMBA NYEUPE YA IVY GREEN

Sasa tufike kwenye maji yaliyoupa mji huu sifa duniani. Hayatoki kwenye chemchemi wala mtoni. Yanatoka kwenye pampu ya mkono nyuma ya nyumba.

Nyumba inaitwa Ivy Green. Ni ya mbao, nyeupe, wala si kubwa sana. Ilijengwa mwaka 1820 na babu na bibi ya Helen Keller. Pembeni yake kuna nyumba ndogo, na humo ndimo Helen alimozaliwa tarehe 27 Juni, 1880. Baba yake, Arthur Keller, alikuwa kapteni katika jeshi la majimbo ya kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye mhariri wa gazeti la mjini. Mama yake, Kate, alikuwa mke wa pili, kijana kuliko mumewe kwa miaka mingi, na Helen alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Februari 1882, Helen akiwa na miezi 19, alishikwa na homa kali. Daktari alidhani atakufa. Homa ikaisha ghafla, na nyumba nzima ikafurahi. Siku chache zikapita kabla mama hajatambua kwamba mtoto hafumbi macho mkono unapopita mbele ya uso wake, wala hageuki kengele ya chakula ikilia.

Kila mama anaweza kufikiri saa hiyo ilikuwaje. Miaka mitano iliyofuata ilikuwa migumu. Helen alikuwa na akili nyingi na hakuwa na njia ya kuitoa. Alijitungia ishara zake, kama 60 hivi. Akitaka mkate alifanya kama anakata na kupaka siagi. Mwenzake wa kucheza alikuwa Martha, mtoto wa mpishi mweusi wa nyumba ile, aliyezielewa ishara zake. Lakini asipoeleweka Helen alipiga mateke na kulia mpaka nguvu zikamwishia. Mezani alizunguka akichota kwa mkono katika sahani za watu. Siku moja alimfungia mama yake stoo, akakaa nje akifurahia mtikisiko wa mlango uliokuwa ukigongwa. Wapo jamaa walioona afadhali apelekwe mbali.

Kate Keller hakukubali. Alikuwa msomaji, na katika kitabu cha safari cha Charles Dickens alikuta habari za Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia aliyefundishwa kusoma huko Boston. Habari hiyo ilikuwa ya zamani, na mwalimu wa Laura alikwisha kufa. Lakini mama aliishika. Mwaka 1886 baba alimpeleka Helen kwa daktari wa macho huko Baltimore. Daktari hakuwa na tiba, ila aliwaelekeza kwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, ambaye alikuwa pia mwalimu wa viziwi. Bell akawaambia waiandikie shule ya vipofu ya Perkins, Boston. Kitabu kimoja mkononi mwa mama ndicho kilichoanza safari hiyo yote.

MGENI WA MIAKA 20

Tarehe 3 Machi, 1887, msichana aitwaye Anne Sullivan alishuka kwenye kituo cha treni cha Tuscumbia. Alikuwa na miaka 20. Wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Mama yake alikufa Anne akiwa mdogo, na baba akawaacha watoto. Anne na kaka yake mdogo walipelekwa katika nyumba ya maskini, na miezi michache baadaye kaka yake akafa humo. Anne mwenyewe alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa vikope, ule ule unaojulikana sana Kongwa na sehemu nyingine kavu za Afrika Mashariki. Alikuwa na miaka 14 alipoingia shule ya Perkins, na alikuwa hajui kusoma. Miaka sita baadaye alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, na upasuaji ukawa umemrudishia sehemu ya kuona.

Huyu ndiye aliyefungua mlango: mtoto wa nyumba ya maskini, mwenye macho mabovu, kutoka kaskazini, akiingia katika nyumba ya kapteni wa kusini. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Helen alimfungia chumbani na kuficha ufunguo, ikabidi mwalimu atolewe dirishani kwa ngazi. Asubuhi moja Anne aliitoa familia yote chumba cha kulia, akabaki na Helen mpaka alipokubali kula kwa kijiko na kukunja kitambaa chake. Saa zilipita.

Anne aliona kwamba huruma ya wazazi ndiyo iliyokuwa ikimzuia mtoto. Kila Helen alipolia alipewa alichotaka. Basi akaomba akae naye peke yake. Wenyeji humwonyesha mgeni ile nyumba ndogo alimozaliwa Helen na kusema ndimo walimokaa. Helen alizungushwa kwa gari la farasi ili asijue kwamba yuko karibu na mama yake. Zikapita wiki mbili hivi, na mtoto akaanza kutulia. Siku moja baba alimleta mbwa wa nyumbani aitwaye Belle. Helen alimkumbatia, kisha akaketi, akaushika mguu wa mbwa na kuanza kuzichezesha kucha zake. Anne alipotazama vizuri aliona kwamba anamfundisha mbwa kuandika herufi kwa vidole.

Helen aliweza kuiga herufi, lakini hakujua kwamba herufi zina maana. Ndipo tarehe 5 Aprili, 1887, asubuhi, baada ya Helen kumvunja mwanasesere wake kwa hasira, Anne alimpeleka nje kwenye pampu. Mtu alikuwa akiteka maji. Anne aliuweka mkono mmoja wa Helen chini ya maji, na katika kiganja cha pili akaandika kwa kidole neno la maji, kwanza polepole, kisha haraka. Helen alisimama kimya. Kabla ya ugonjwa alikuwa ameanza kulisema neno hilo kitoto, "wa-wa". Sasa likamrudia, na akaelewa kwamba kile kitu cha baridi kinachopita mkononi kina jina, na kwamba kila kitu kina jina.

Akauliza jina la ardhi, la pampu, la mwalimu. Mpaka jioni alikuwa na maneno kama 30. Aliporudi ndani alikumbuka mwanasesere aliyemvunja, akavitafuta vipande na kujaribu kuviunganisha. Hakuweza, na machozi yakamtoka. Baadaye aliandika kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza alipojua kujuta.

Pampu ile bado ipo. Wageni wanaoiona kwa mara ya kwanza hushangaa kuwa ni kitu cha kawaida kabisa, chuma kilichosimama uani, kama pampu yoyote ya kijijini kwetu.

MJI UNAKUMBUKA NINI?

Kila mwaka kiangazi kinapoanza, tamthilia ya William Gibson inayosimulia mambo hayo huchezwa uwanjani Ivy Green, usiku, watu wakiwa wamekaa nje. Imechezwa hapo tangu miaka ya 1960 mwanzoni, na waigizaji wengi ni watu wa eneo hilo hilo: walimu, wanafunzi, watu wa maofisini. Mwishoni mwa Juni kuna pia tamasha lenye jina la Helen, lenye muziki na maandamano ya furaha. Eneo hili ni la muziki hasa. Percy Sledge, mwimbaji aliyezaliwa katika kaunti hii, alirekodi Sheffield mwaka 1966 wimbo wa mapenzi uliopigwa redioni dunia nzima, na jumba la kuwaenzi wanamuziki wa Alabama lilifunguliwa Tuscumbia mwaka 1990. Wakati sheria na desturi za Alabama ziliwatenganisha weusi na weupe, katika studio za hapa walipiga muziki pamoja.

Watu hawa hawasahau wanaowapenda. Msituni, upande wa magharibi wa kaunti, kuna makaburi ya mbwa wa kuwinda usiku, yaliyoanza mwaka 1937 mwindaji mmoja alipomzika mbwa wake aliyemtumikia miaka mingi. Yana mawe ya kaburi yenye majina, na watu huleta maua.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Mji unamkumbuka sana Helen wa miaka saba. Sanamu ya shaba ambayo Alabama iliiweka katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 2009 inamwonyesha akiwa mtoto kwenye pampu. Je, yule mwanamke mzima aliyeishi karibu miaka 88, akafariki tarehe 1 Juni, 1968, anakumbukwa vipi?

Mwanamke huyo alikuwa na maneno mazito. Mwaka 1904 alikuwa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya chuo kikuu Marekani. Alitetea haki ya wanawake kupiga kura. Aliandika katika gazeti la akina mama kuhusu watoto wachanga wanaopofuka kwa maambukizo wanayoyapata wakati wa kuzaliwa, jambo ambalo wakati huo halikutajwa hadharani kwa sababu lilitokana na maradhi ya zinaa, akasema tone la dawa lingewaokoa. Alijiunga na chama cha kisoshalisti baada ya kuona jinsi umaskini na ajali za viwandani zinavyowapofusha watu. Na mwaka 1916 yeye, binti wa kapteni wa kusini, alituma dola 100 na barua kwa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akisema waziwazi kwamba dhuluma waliyofanyiwa ni aibu. Barua hiyo ilipochapishwa tena Alabama iliwaudhi Wazungu wengi.

Mtoto kwenye pampu haudhi mtu. Mwanamke anayesema ukweli huwasumbua hata walio wake. Hatuwalaumu watu wa Tuscumbia peke yao, maana hata sisi hupenda kumsifu mlemavu anapojitahidi, kisha tukanyamaza anapotoa maoni. Helen hakufundishwa neno "maji" ili abaki pale pampuni akishangiliwa. Alifundishwa ili aseme. Sarafu ya Alabama ya mwaka 2003 imefanya vizuri zaidi: inamwonyesha akiwa mtu mzima, ameketi na kitabu, na jina lake limeandikwa pia kwa nukta za Braille.

NYUMBANI KWETU

Jina la Helen limefika hata huku. Mwaka 1915 alishiriki kuanzisha shirika lililokuja kubeba jina lake, na shirika hilo limefanya kazi Tanzania na Kenya, pamoja na mambo mengine kupambana na vikope na kuwapatia watoto vitamini A ili wasipofuke. Ugonjwa uliomwibia Anne Sullivan macho unazuilika kwa maji safi, kunawa uso, usafi wa mazingira na dawa. Mama, dawa ya macho anayopakwa mtoto wako mchanga kliniki usiikatae. Kuna wanawake waliotukanwa ili iweze kufika hapo.

Na kuna jambo la pili, gumu kuliko dawa. Katika mitaa na vijiji vyetu bado kuna watoto wasioona, wasiosikia, au wasiosema, ambao mgeni akija hupelekwa chumba cha nyuma. Majirani hawajui majina yao. Si kwamba wazazi hawawapendi. Wengi wanaona aibu, wengine wamechoka, wengine wameambiwa ni laana. Familia ya Keller ilikuwa na nyumba, shamba na gazeti, na bado ilikaribia kukata tamaa. Kilichowaokoa hakikuwa mali tu. Alikuwepo mama aliyekataa kumtoa mtoto wake, na mwalimu aliyekataa kumwonea huruma ya kumdekeza.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu jambo dogo. Mwulize mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe, au ofisi ya elimu, wapi kuna kitengo cha watoto wasioona au viziwi. Uandike mahali. Halafu umtafute yule mama wa mtaani kwako ambaye mtoto wake haonekani, uketi naye, umwulize mtoto anaitwa nani. Kwa Helen, kila kitu kilianza siku alipojua kwamba vitu vina majina. Kwa mtoto wa jirani yako, huenda kikaanza siku majirani watakapolijua jina lake.